Karatasi Mbili za SI 17

Vijana wa kitengo mmeniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya tableti, na kwa adabu yenu mmependekeza nieleze "mafanikio". Mafanikio yamo kwenye faili langu la utumishi, kayasomeni huko. Mimi nitaandika kuhusu sanduku la bati, mlango mmoja wa Bunda, na siku tisa ambazo sina hakika kama zimekwisha. Majina nimeyabadilisha na vyuo sivitaji. Atakayeanza kukisia ni nani, ajue ameshaingia kwenye kosa langu.

Kwa wasionijua, kazi yangu ilikuwa kuwauliza wanafunzi wa vyuo mambo ambayo hawawaambii wazazi wao: wanakunywa nini, wanavuta nini, wanameza vidonge gani, wanalala saa ngapi, wanawaza nini wakiwa peke yao. Nilizunguka vyuo vya Musoma, Bunda na Butiama kwa miaka mingi nikiuliza hayohayo. Mke wangu alisema mimi ndiye mtu pekee mkoani anayelipwa kwa umbea.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa kwenye chuo kimoja cha ualimu, Musoma. Dodoso nilikuwa nimelitunga kutoka kwenye vitabu vya huko nilikosomea: bia mara ngapi, waini mara ngapi, pombe kali mara ngapi. Darasa zima likajaza "hapana". Nilifurahi sana, nikadhani nimegundua chuo cha malaika. Ndipo mwanamke mmoja, mtu mzima aliyekuwa amefundisha miaka kadhaa kabla ya kurudi kusoma, akanyoosha mkono.

"Samahani mwalimu. Gongo mmeiweka wapi?"

"Haipo," nikasema.

"Na ile ya mtama, ya nyumbani?"

"Hiyo ni pombe tu, jaza kwenye pombe."

"Hapana, mwalimu. Ile ni chakula. Sisi tunakunywaga tangu wadogo."

Nyuma ya darasa Mzee Magesa alicheka mpaka akavua miwani. Tulikusanya karatasi zote, tukarudi ofisini, tukaandika dodoso upya tangu swali la kwanza.

Huyu Mzee Magesa kwenye karatasi za ofisi alikuwa msaidizi wangu. Ukweli ni kwamba alikuwa mwalimu wangu. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili miaka mingi kabla ya kuja kwetu, na hakuwa na shahada hata moja ya kumpumbaza. Ndiye aliyenifundisha kugawa kalamu za aina moja, kwa sababu kwenye kila darasa kuna mmoja anayependa wino wa kijani na wote wanamjua. Kalamu hizo hazikurudi hata siku moja, lakini hilo ni jambo jingine. Alinifundisha kukusanya karatasi zikiwa zimefunikwa, na kutomtazama usoni anayekukabidhi. Sanduku letu la bati lilikuwa na kufuli mbili. Ufunguo mmoja aliweka yeye, mwingine niliweka mimi, ili pasiwe na mtu anayeweza kulifungua akiwa na hasira au huruma peke yake.

Na alinifundisha habari ya mlango. "Mwanafunzi haongei mlango ukiwa wazi," alisema. "Kama unaogopa maneno ya watu kwa sababu ni msichana, tafuta mwanamke mtu mzima akae ndani. Lakini mlango ufungwe. Funga kwanza, uliza baadaye." Nilimwitikia. Kuitikia si kazi ngumu.

Sasa niwaeleze habari ya namba, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Tulitaka kuwauliza wanafunzi walewale mwaka hadi mwaka, tuone wanavyobadilika, bila kujua majina yao. Kwa hiyo kila mmoja alijitungia namba kwa kanuni moja: herufi za jina la mama, kisha tarehe aliyozaliwa. Mwanzo tulichukua herufi mbili za mbele, na nusu ya darasa ikawa NY. Ukimtafuta mtu mkoani Mara kwa kusema mama yake anaanza na Nya, utazeeka. Tukahamia herufi mbili za mwisho. Mwanafunzi ambaye mama yake ni Veronika, naye amezaliwa tarehe tano, alikuwa KA 5. Kila darasa nililoingia niliweka mkono juu ya sanduku nikawaambia: hii namba ni ya kuunganisha karatasi yako ya mwaka huu na ya mwaka jana, wala haitatumika kukutafuta wewe.

Mzee Magesa alipoanza kusumbuliwa na mguu kwa sababu ya sukari, alirudi kwake Guta. Akanikabidhi ufunguo wake. Nilibaki na funguo zote mbili mfukoni, na tangu siku hiyo nikawa mtu wa kurudi mara mbili mara tatu kukagua kama nimefunga.

Mwaka huohuo tulirudi kwenye chuo kimoja cha afya, Bunda, kwa awamu ya pili. Mchana wa Jumanne, nikiwa kwenye ofisi niliyoazimwa, nilifika kwenye karatasi ya msichana mmoja. Ukurasa wa mwisho tuliacha nafasi ya kuandika lolote. Wengi huandika "asante" au hulalamikia maharage. Yeye alikuwa ameandika:

"Nakunywaga gongo kidogo kabla ya kuingia wodini ili mikono isitetemeke. Mtihani wa mwisho ukiisha nitapumzika moja kwa moja. Naomba msinitafute."

Nilisoma mara nne. Mtihani ungeanza Jumatatu iliyofuata na kuisha Alhamisi. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto: siku tisa.

Kwenda kwa mkuu wa chuo sikuthubutu. Sheria yao ilikuwa wazi: mwanafunzi akibainika na pombe, anafungasha siku hiyohiyo. Nikimtaja kwa mkuu ninamtoa chuoni, na akitoka chuoni katika hali ile, anakwenda wapi? Nikinyamaza nimetunza ahadi yangu, halafu nikaitunze juu ya kaburi. Nilikaa na mambo hayo mawili mpaka kengele ya jioni.

Kisha nikafanya kile nilichoapa sitafanya. Nilitazama namba: SI 17. Nikaenda kwa msajili, nikamwambia nahakiki idadi, akanipa orodha ya wanafunzi yenye majina ya wazazi na tarehe za kuzaliwa. Msichana mwenye mama wa kuishia na SI, aliyezaliwa tarehe kumi na saba, alikuwa mmoja tu. Jina lake Neema, mama yake Yunisi.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichopaswa kunisimamisha. Kwenye furushi zilikuwemo karatasi mbili za SI 17. Ya pili ilikuwa safi, hapana kila mahali. Nikajiambia kwamba Neema alichukua karatasi mbili, ya kwanza akadanganya, ya pili akasema kweli. Nilishaona wanafunzi wakifanya hivyo. Mtu mwenye hofu hapati shida kupata maelezo.

Jumatano asubuhi nikamwita. Matroni wa chuo, Mama Pendo, ndiye aliyekuwa akikaa nami nikiongea na wasichana, lakini alikuwa amempeleka mgonjwa Musoma na angerudi kesho yake. Kesho ilionekana mbali mno. Na mimi mwanamume kujifungia ofisini na binti wa watu sikuweza. Nikauacha mlango wazi. Nje, kwenye korido, wenzake walikuwa wamepanga foleni ya kuchukua namba za mtihani.

"Nimekosa nini, mwalimu?" Neema aliuliza kabla hajakaa.

"Hujakosa kitu, mama. Nataka kukusaidia tu. Hiyo gongo ya asubuhi umeanza lini?"

Kwenye korido vichwa viligeuka.

"Mimi ni Msabato, mwalimu. Kwetu hata majani ya chai hayaingii."

"Usiogope. Lolote utakalosema litabaki hapa."

Neema akageuka taratibu akautazama mlango. Ulikuwa umejaa nyuso. Akanirudia mimi.

"Litabaki wapi, mwalimu?"



Ilipofika saa ya chakula alikuwa ameshapewa jina, Dozi ya Asubuhi. Mchana nilipopita darasani nikakuta mtu ameandika ubaoni kwa herufi kubwa: NAMBA ZINA MACHO. Kwa hiyo katika asubuhi moja nilikuwa nimemwaibisha msichana asiyehusika, na yule anayehusika, popote alipokuwa, alikuwa ameshajua kwamba anatafutwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Zilibaki siku nane.

Alhamisi nikachukua bodaboda hadi Guta. Mzee Magesa alikuwa ameketi barazani, mguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona una uso wa mtu aliyepotelewa na ng'ombe wa mahari?"

Nilimweleza yote, pamoja na habari ya mlango. Hakunikemea, na ningependa angenikemea. Alimwagiza mkewe alete daftari lake kubwa kutoka chini ya kitanda, akalifungua kwenye darasa lile, awamu ya kwanza, akaniwekea kidole. Palikuwa pameandikwa kwa mwandiko wake wa kiuguzi: "SI 17, wawili, wote wasichana."

"Lakini kwenye orodha ya chuo yupo mmoja," nikasema.

"Orodha ya chuo wanaitoa wapi?"

"Kwenye vyeti vya kuzaliwa."

"Cheti kinamwandika mama gani?"

"Aliyemzaa."

"Na dodoso letu tuliuliza nini?"

"Jina la mama."

"Mama yupi?" akauliza Mzee Magesa.

Hapo nilipata aibu kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Nyie mliotoka mikoa mingine niwafafanulie. Huku kwetu mwanamke mtu mzima asiye na mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akamwoa mwanamke kijana, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Ndiyo wanayoiita nyumba ntobhu. Watoto wa nyumba hiyo wana aliyewazaa na wana mwenye nyumba, na mara nyingi wanayemwita mama ni yule aliyetoa ng'ombe. Mimi ni mtu wa Butiama. Nimekulia ukuta kwa ukuta na nyumba kama hiyo, nimekunywa uji wao, nimechunga na watoto wao. Halafu nikakaa mbele ya kompyuta nikaandika "jina la mama", kana kwamba kila mtu anaye mmoja.

"Ngoja nirudi kwa msajili," nikasema, "nitazame wote waliozaliwa tarehe kumi na saba."

"Usiende." Sauti yake ilibadilika. "Ukimtafuta tena kwa orodha utamkuta ameshakimbia. Tena safari hii ukikosea utakuwa umewaaibisha wawili."

"Sasa nifanyeje, mzee? Zimebaki siku saba."

"Uliahidi mbele ya watu, ukavunja mbele ya watu. Kasemee palepale. Halafu ukae mahali unapoonekana, ufunge mlango, umngoje aje mwenyewe."

"Asipokuja?"

Aliuweka sawa mguu wake juu ya kigoda. "Nimewangojea wengi," akasema. "Si wote walikuja. Lakini niliowafuata kwa nguvu nao hawakukaa."

Ijumaa nikaingia darasani na Mama Pendo. Sikushika karatasi yoyote. Nikawaambia niliweka mkono juu ya sanduku nikaahidi, kisha nikafungua namba kwa sababu niliogopa, na nikakosea mtu. Nikasema Neema hana kosa lolote, na kwamba nilimwita kwa ujinga wangu. Neema alikuwa mstari wa mbele, mikono ameikunja kifuani, ananitazama kama dawa iliyopita muda wake. Nikamalizia kwamba kila siku kuanzia saa tisa alasiri mpaka kengele ya chakula, mimi na Mama Pendo tutakuwa kwenye stoo ya magodoro, mlango umefungwa, hakuna kuandika kitu, na anayetaka aje, hata kama ni kuja kuniambia mimi ni mjinga.

Watatu walikuja kuniambia hivyo siku hiyohiyo. Jumamosi alikuja mmoja wa jino na mmoja wa maharage. Jumapili alikuja kijana anayemeza vidonge vya kukesha akisoma, na huyo tulimsaidia. Mama Pendo alifuma kitambaa, mimi nilihesabu magodoro. Kila mlango ulipogongwa niliacha kuhesabu, na kila aliyeondoka nilijiuliza kama ndiye, na kama nimemwacha aende. Jumatatu mtihani ukaanza. Nilisimama mbali nikahesabu wasichana wakiingia, nikahesabu tena wakitoka.

Jumanne, siku ya saba, mlango uligongwa wakaingia wawili. Neema alikuwa amemshika mkono msichana mwembamba, mwenzake wa chumba kimoja. Huyu nitamwita Bhoke.

"Namba yangu ni SI 17, na mimi sikuandika," Neema alisema. "Nikajiuliza nani mwingine amezaliwa tarehe yangu. Mwaka jana tulikunywa soda pamoja siku hiyo. Jana nikamuuliza, akalia." Akamkalisha kwenye godoro. "Nimemleta kwa ajili yake. Si kwa ajili yako, mwalimu."

Akatoka. Mama Pendo akafunga, akaacha kufuma.

Bhoke alibana viganja kwenye mapaja. Halafu akasema, "Mama yangu amefariki mwezi wa pili. Nyamisi. Kwetu Nyamuswa ndugu zake wakasema msibani mimi si wake, nisikae na wafiwa, mama yangu ni Rhobi aliyenizaa. Kwenye cheti ni Rhobi. Kwenye fomu za hapa ni Rhobi." Akavuta pumzi. "Kwenye karatasi yenu ndo sehemu pekee niliyokuwaga namwandika."

Nililia, na sioni haya kuliandika. Mama Pendo naye alilia, lakini yeye alifanya hivyo huku amemshika binti mabega. Jioni ileile alimpeleka kwa daktari Musoma, Bhoke akiwa amekubali mwenyewe. Mtihani aliahirisha. Mkuu wa chuo aliambiwa ni ugonjwa, na haukuwa uongo. Alhamisi ilipofika jioni nilikuwa nimekaa nje ya wodi, naye ndani alikuwa anakunywa uji. Yupo hai mpaka leo. Zaidi ya hapo si langu kusimulia.

Tuliliondoa jina la mama kwenye dodoso. Siku hizi mwanafunzi anajichagulia neno lolote analolikumbuka, na kama mmekuta kwenye tableti zenu namba zinazoitwa "Samaki" na "Babu", sasa mnajua sababu. Nawaomba mkazirekebishe pia zile tableti zisihifadhi mahali mtu alipokaa. Nilipouliza mkaniambia ni mpangilio wake tu. Orodha ya msajili nayo ilikuwa mpangilio wake tu.

Nilisema siku zile tisa sina hakika kama zimekwisha. Jumanne ile ya kwanza, nikirudi nyumbani Kigera, Musoma, nilipita duka la dawa nikanunua vidonge vya usingizi bila kuandikiwa na mtu. Niliomba vya siku tisa. Bhoke akapona, Neema akahitimu, Mzee Magesa tukamzika Guta, na vidonge vikabaki, nikivinunua upya kila vilipoisha. Kila mwaka nilijaza fomu ya afya ya watumishi, na kwenye swali la dawa za usingizi niliweka hapana, kwa kalamu ya bluu kama ya kila mtu. Mganga hajigangi, ndivyo nilivyojitania.

Mwezi mmoja baada ya kustaafu nilikwenda kliniki ya presha, Musoma. Kwenye benchi la nje walikuwepo majirani zangu karibu wote, wazee wenzangu wa Kigera. Nikaitwa ndani. Muuguzi aliinua uso kutoka kwenye faili.

"Shikamoo, mwalimu," akasema Neema.

"Marahaba, mama." Niliketi. Alinifunga mkanda mkononi, akapampu, akasoma, akapima tena. Hakutaja Bunda wala mimi sikuitaja. Akachukua kalamu, akaanza maswali yake. Chumvi. Sigara. Pombe.

"Dawa za usingizi unatumia, ambazo hujaandikiwa?"

"Hapana," nikasema, upesi mno. Nje kwenye benchi mtu alikohoa.

Neema hakuandika. Alitazama mikono yangu, kisha akatazama nyuma yangu, mahali ambapo mlango ulikuwa wazi. Akaweka kalamu mezani, akainuka, akanipita, nikasikia kitasa. Akarudi akaketi.

"Tuanze upya, mwalimu."